Mzigo wa Mama Haukuandikwa: Historia ya Kiuno Kinachouma Huku Kwetu Dodoma

SEHEMU YA 1

Niliahidi kuandika kuhusu kiuno. Meseji zilizoingia ni nyingi kuliko siku ile ya uji wa mtoto wa miezi sita, na karibu zote zinauliza kitu kimoja: "Nesi, nimepima mkojo, nimepima figo, nimepiga picha, naambiwa kila kitu kiko sawa. Mbona kiuno bado kinauma?"

Jibu fupi: kwa sababu katika vipimo vyote ulivyofanya, hakuna hata kimoja kilichoangalia misuli yako inavyofanya kazi. Jibu refu lina historia ndani yake, ndiyo maana nimeligawa vipande. Soma taratibu, mtoto akishalala.

Kwanza tuelewane. Kiuno tunakiita sugu kikiuma zaidi ya miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila watu 10 wenye maumivu ya mgongo wa chini, kama 9 hawana ugonjwa wowote unaoweza kuoneshwa kwa kidole kwenye picha. Sio kwamba wanadeka. Maumivu ni ya kweli kabisa, ila yanatoka kwenye misuli, kano na maungio yaliyochoka au yaliyozoea kujikaza, na mara nyingi msongo wa mawazo na kukosa usingizi vinaongeza moto. Na kitu kingine, jamani: UTI na uti wa mgongo ni vitu viwili. Sio kila mwanamke mwenye kiuno kinachouma apewe dawa ya mkojo.

Sasa historia. Ukitaka kujua habari za mgongo kwenye uwanda huu wa kati, anza na njia ya misafara. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910. Kabla ya hapo, kitu chochote kilichotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji kilipita Ugogo kikiwa kichwani au begani kwa mtu. Msafara ulipumzika Mpwapwa, ukavuka Marenga Mkali ambako hakuna maji, ukaingia kwa Wagogo, ukalipa hongo kwa watemi ili upite na unywe maji ya visima vyao, kisha ukakabili vichaka vya Mgunda Mkali. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na kazi hiyo kwao ilikuwa fani. Kijana alianza mdogo na mzigo mwepesi, akakomaa nao.

Mzigo wa mpagazi tunaujua uzito wake. Ulihesabiwa kwa frasila, na frasila moja ni ratili 35, yaani kilo 16 hivi. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, kilo 32, na wabeba pembe za ndovu wengine walizidisha. Tunajua kwa sababu iliandikwa. Wazungu waliopita hapa, Richard Burton mwaka 1857 na Henry Stanley mwaka 1871, walijaza kurasa kwa habari za mizigo, malipo na ugomvi wa wapagazi. Ule mzigo ulikuwa mali ya mtu, na mali lazima ipimwe.

Wanawake nao walisafiri kwenye misafara hiyo, wakiwa na vyungu, chakula na watoto mgongoni. Na kwenye vijiji ambavyo msafara uliombea maji, kuna mtu aliyeyachota yale maji. Uzito wa mzigo wake sijaukuta popote. Maji hayakuwa mali ya tajiri wa Zanzibar, kwa hiyo hakuna aliyeyapima.

Baadaye ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Kondoa ilitekwa mwezi wa Aprili 1916, Dodoma mwezi wa Julai mwaka huohuo, na majeshi ya pande zote mbili yalikusanya wanaume wa kubeba risasi na chakula. Ukienda Dar es Salaam ukapita Kariakoo, jua kwamba jina lile limetokana na kikosi cha Waingereza cha wabeba mizigo. Zaidi ya watu laki moja wanatajwa kufa katika kazi ile Afrika Mashariki nzima, wengi kwa magonjwa na njaa. Huku Ugogo wanaume wamechukuliwa, ng'ombe na nafaka zimechukuliwa, mvua nayo ikagoma. Ikaja njaa ambayo wazee wanaiita Mtunya, mwaka 1917 hadi 1920. Aliyebaki na jembe nyumbani ni nani? Kesho tunaanzia hapo.

SEHEMU YA 2

Basi tumuangalie mama mwenyewe.

Mama wa Ugogo wa zamani, na wa juzi tu hapa, alikuwa na kazi tatu zinazokula kiuno: jembe, maji, na jiwe la kusagia. Uwele na mtama havikwenda mashineni. Alipiga magoti, akashika jiwe dogo kwa mikono miwili, akalisukuma mbele na nyuma juu ya jiwe kubwa, asubuhi mpaka unga utoshe ugali wa watu wote kwenye tembe.

Kazi ile ni ya kale kuliko tunavyofikiri. Huko Siria kuna kijiji cha kale kinaitwa Abu Hureyra. Mtaalamu mmoja wa mifupa kutoka London, Theya Molleson, alichunguza mifupa ya watu walioishi pale zaidi ya miaka 9,000 iliyopita, akaandika matokeo yake mwaka 1994. Akakuta mifupa ya wanawake imeharibika kwenye vidole vikubwa vya miguu, kwenye magoti na kwenye mgongo wa chini. Alieleza kwamba chanzo ni kupiga magoti na kusaga nafaka saa nyingi kila siku. Ona mambo hayo. Hakuna aliyeandika mzigo wa wanawake wale, lakini mgongo wenyewe ulihifadhi kumbukumbu.

Jembe nalo. Jembe letu la mkono mpini wake ni mfupi, kwa hiyo unainama toka kiunoni, miguu imenyooka. Kuna jambo lilipimwa Uingereza miaka ya 1950 na watafiti wawili, Floyd na Silver, ambalo kila anayepalilia angependa kulijua. Waliweka vipimo vya umeme kwenye misuli mirefu ya mgongo, wakamwambia mtu ainame polepole. Mwanzoni misuli inafanya kazi kwa nguvu kuzuia mwili usianguke mbele. Ukifika chini kabisa, misuli inanyamaza. Inazima! Mwili unabaki unaning'inia kwenye kano za mgongo. Hivyo unapopalilia saa tatu mfululizo, kano zinavutika kama mpira wa zamani, na ukiinuka ghafla misuli inaamka kwa kushtuka, inakaza. Ile "nimeshikwa na kiuno nikashindwa kunyooka" mara nyingi ndiyo hiyo. Ndiyo maana bibi zetu waliinuka kila baada ya mistari michache, wakashika kiuno, wakajinyoosha kwa nyuma kidogo na kupiga soga. Watu walidhani ni uvivu.

Na ardhi yenyewe mnaijua. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta Kongwa kulima karanga kwa maelfu ya ekari. Mvua ikikata, udongo ule unakauka kama saruji, vyuma vikavunjika, na mwaka 1951 mradi ukafungwa baada ya kula mamilioni ya pauni. Habari za vyuma vile zimeandikwa vitabu. Udongo huohuo mama zetu waliulima kwa mkono, kabla na baada.

Sasa maji. Kiangazi mama anashuka korongoni, anachimba mchanga, anainama ndani ya kishimo anachota kwa kata, kidogo kidogo, mpaka ndoo ijae. Kisha ndoo kichwani. Hapa nina habari nzuri kidogo, maana hatimaye kuna mtu alipima.

Mwaka 1986 watafiti, akiwemo Profesa Maloiy wa Nairobi, walitoa kwenye jarida la Nature matokeo ya kuwapima wanawake wa Kiluo na Kikuyu wakitembea na mizigo. Waluo walibeba kichwani, Wakikuyu mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Walipima hewa wanayotumia, ili kujua mwili unatumia nguvu kiasi gani. Wakashangaa. Mzigo ukiwa mpaka asilimia 20 ya uzito wa mwili, wanawake wale hawakutumia nguvu ya ziada hata kidogo. Askari waliobeba mabegi mgongoni walitumia zaidi. Ni mwendo wao tu, namna wanavyotembea kama pendulo bila kupoteza nguvu, walivyojifunza toka utotoni. (Kweli, utafiti wa baadaye Afrika Kusini ulionesha sio kila mwanamke anapata faida hiyo, lakini wapo.)

Chukua kalamu tupige hesabu. Wewe una kilo 60. Asilimia 20 yako ni kilo 12. Ndoo yetu ya lita 20 ikijaa ina maji kilo 20, theluthi nzima ya mwili wako. Ile nafuu imeshapita zamani. Na utafiti ule ulipima nguvu ya kutembea tu, haukupima kuinama, kunyanyua ndoo toka chini na kuitua ukiwa na mtoto kwenye mbeleko. Kiuno kinaumizwa hapo zaidi kuliko njiani.

SEHEMU YA 3

Leo nitawasema watu wa kada yangu, mnivumilie.

Wakati mama wa Bahi anachota maji, kule Ulaya madaktari walikuwa wanaamua mgongo unaouma utibiwe vipi. Mwaka 1863 daktari mpasuaji wa London, John Hilton, alitoa kitabu kinachosifu mapumziko kama tiba ya maumivu. Kwa jeraha na mfupa uliovunjika alikuwa na hoja. Lakini wazo likahamia mgongoni: ukiuma, lala. Lala wiki, lala mwezi. Wengine wakafungiwa mawe ya kuvuta miguu huku wamelala.

Halafu mwaka 1934, Boston, Marekani, madaktari wawili, Mixter na Barr, wakaeleza jinsi diski, ile mito laini iliyo kati ya pingili na pingili, inavyoweza kutokeza na kubana mshipa wa fahamu. Ulikuwa ugunduzi mkubwa, na mpaka leo kuna watu wanapona kwa upasuaji uliotokana nao. Tatizo ni kilichofuata. Kila mgongo ukawa diski. Picha ya eksirei inaonesha mfupa, kwa hiyo tukatafuta mfupa. Misuli haionekani kwenye eksirei, basi ikasahaulika.

Mawazo hayo yalisafiri mpaka huku pamoja na vitabu vya kufundishia. Mpaka leo mama anatoka chumba cha daktari ameshika karatasi anaambiwa "pingili zimesagika, usiiname, usibebe, pumzika". Hebu fikiria. Mama ana watoto wanne, shamba, na foleni ya maji. Apumzike wapi? Akirudi nyumbani anaogopa kila hatua. Anatembea kama mti. Misuli inakauka kwa woga, maumivu yanaongezeka, anaamini ile karatasi zaidi. Kama una binti, unajua jinsi hofu inavyorithiwa pia.

Nataka ujue kuhusu hizo picha. Mwaka 1994 huko Marekani waliwapiga MRI watu 98 ambao mgongo hauwaumi KABISA. Nusu yao walikuwa na diski iliyovimba kutoka nje kidogo angalau sehemu moja. Watu wazima wa afya! Wanaenda kazini, wanacheza. Kwa hiyo pingili "kusagika" kidogo ukiwa na miaka 35 au 40 ni kama mvi. Inaweza kuwepo na isiwe ndiyo inayouma.

SEHEMU YA 4

Mapumziko yalianza kuporomoka mwaka 1986. Huko Texas walichukua watu 203 wenye maumivu ya mgongo, nusu wakaambiwa walale siku 2, nusu siku 7. Wa siku 7 hawakupona zaidi, walichopata zaidi ni siku za kukosa kazi. Mwaka 1995, Helsinki, Finland, waliwagawa wafanyakazi wa manispaa 186 makundi matatu: walale, wafanye mazoezi maalumu, au waendelee na shughuli kadiri maumivu yanavyoruhusu. Waliopona haraka ni wale walioendelea na maisha yao.

Halafu ukaja utafiti ninaoupenda mimi, wa Brisbane, Australia, mwaka 1996. Kando ya uti wa mgongo, chini ya ile misuli mirefu, kuna misuli midogo minene inayoshika pingili moja na nyingine. Kiuno kikiuma, misuli ile inazimika na kusinyaa upande unaouma. Watafiti, wakiongozwa na Julie Hides, waliwafuatilia watu 39 walioumwa kwa mara ya kwanza. Baada ya wiki 4 karibu wote maumivu yameisha. Lakini wale ambao hawakufanya mazoezi ya kuamsha ile misuli, misuli haikurudi! Maumivu yameondoka, mlinzi bado amelala. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 84 ya hao waliumwa tena. Kwa waliofanya mazoezi ni asilimia 30. Ni watu wachache, na tafiti za baadaye zimeonesha hakuna zoezi moja lenye siri ya pekee kuyashinda mengine. Lakini inajibu swali lenu la "mbona kinapona kinarudi?" Dawa ilizima kengele, hakuna aliyemuamsha mlinzi.

Na huku jirani zetu Wahadzabe wa bonde la Eyasi walipimwa pia, matokeo yakatoka mwaka 2020. Kumbe nao wanapumzika karibu saa 10 kwa siku, sawa na watu wa ofisini! Tofauti ni kwamba wanachuchumaa na kupiga magoti, na misuli inabaki na kazi kidogo. Sisi tuliohamia Area C na Nkuhungu tunakaa kwenye sofa linalozama. Toka serikali ilipohamia huku, naona kiuno cha aina ya pili wodini: dada wa ofisini, saa nane kwenye kiti, bajaji kwenda, bajaji kurudi. Jembe halijui lakini misuli yake imelegea kama ya mtu aliyelazwa. Huyu wa kijijini amezidishiwa kazi, huyu wa mjini amenyimwa, na wote wawili wanameza diklofenaki ileile.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake wa kwanza wa maumivu sugu ya mgongo wa chini. Linapendekeza elimu, mazoezi, tiba za mikono kama kusingwa, ushauri wa kisaikolojia kwa anayehitaji, na dawa za maumivu za aina fulani kwa uangalifu. Halipendekezi mikanda ya kiuno, kuvutwa kwa mashine, wala dawa kali za jamii ya morfini. Mikanda mnayouziwa mitaani hiyo!

SEHEMU YA 5

Tumefika kwenye "nifanye nini". Kabla ya yote, usifanye mazoezi yoyote bali njoo hospitali kama kiuno kinaambatana na haya: ganzi sehemu za siri au makalioni, mkojo au haja kubwa kukuponyoka au mkojo kukataa kutoka, mguu kukosa nguvu, homa, kukonda, jasho usiku, au maumivu baada ya kuanguka. Kifua kikuu kinaingia mpaka kwenye pingili. Na sisi wa nchi ya ng'ombe na mbuzi, ugonjwa wa brusela unaotokana na maziwa yasiyochemshwa unaleta homa za kuja na kuondoka na kiuno kuuma. Chemsha maziwa.

Kama hayo hayapo, tembea. Anza dakika 10, ongeza kidogo kidogo. Kwenye mkeka, lala chali, kunja magoti, inua makalio juu polepole, hesabu mpaka 5, shusha. Mara 10. Kisha piga magoti na mikono chini kama mtoto anayetambaa, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, badilisha. Kila siku, wiki 6 mpaka 8 ndipo uhukumu. Misuli ikiuma kidogo kwa uzoefu mpya ni kawaida. Hospitali za mkoa na za rufaa zina watu wa fiziotherapia, na wengi wenu hamjawahi kufika kwenye mlango wao. Mwambie daktari, "Naomba uniandikie fiziotherapia." Sio ujeuri, ni haki yako.

Kukandwa na maji ya moto: joto linalegeza misuli, sina ugomvi na mama mkwe. Ila maji yasimuunguze mzazi, na mshono wa upasuaji usikandwe. Kuumikwa kwa pembe: sisi Waswahili hata neno letu la kutia chumvi, "kupiga chuku", ndilo hilohilo la ile pembe ya kuumikia, nadhani babu zetu walishajua wateja wanavyosimulia. Kama utaumikwa bila kuchanjwa, madhara ni machache. Wembe wa kuchangia, hapana kabisa. Sindano na vidonge vya diklofenaki vya kununua dukani miezi na miezi vinatoboa tumbo na kuumiza figo, na mjamzito asiviguse bila daktari.

Shambani, badilisha kazi kila nusu saa, jinyooshe kwa nyuma mara 5 kama bibi. Mpini mrefu wa jembe fundi anakutengenezea, mwambie. Ndoo ya lita 10 mara mbili ni bora kuliko ya 20 mara moja. Najua bomba liko mbali na foleni ni ndefu, kwa hiyo hapa nawageukia akina baba. Baiskeli ile inaweza kubeba madumu manne. Mwanamke amebeba kilo 20 kichwani na mtoto mgongoni, na wewe uko nyuma na simu mkononi? Mpagazi wa kilo 32 alilipwa kwa vitambaa na shanga.

Wajawazito mlioniuliza kuhusu kiuno cha miezi ya mwisho, karibu nusu yenu kinawauma na kina mambo yake ya homoni na nyonga. Nitawaandikia Alhamisi nikitoka zamu ya usiku.